Fundi akiulizwa "unafanyaje?" mkono unasahau. Kwa nini?

FundiBati, Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi, yale watoto hubeba wakienda bweni. Huu ni mwaka wa 22. Mwezi uliopita nilichukua kijana mmoja nimfundishe kazi. Mpole, ana bidii, lakini kila jioni anarudi kwao kidole kimefura.

Leo akaniuliza: "Mzee, ukipiga nyundo unaangalia wapi? Kiwiko unakikunja kiasi gani? Mkono unaukaza wakati gani?" Nikanyamaza. Sijawahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe polepole, nikaanza kuutazama mkono wangu mwenyewe: kiwiko, kiganja, vidole vinavyoshika mpini. Pigo la tatu nikajitwanga kidole gumba. Mimi! Mbele ya mafundi wa safu nzima. Walicheka mpaka mama wa uji akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nauliza kwa dhati. Kazi hii naifanya huku napatana bei na mteja, redio inapiga kelele, mikokoteni inapita ikinigusa mgongo, na sikosei. Nikiifikiria, nakosea. Mkono wangu unajua kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui? Na kama sikijui, huyu kijana nitamfundisha nini?

Mtoto_wa_Jericho, saa 2:51 usiku

Pole kwa kidole mzee. Umefundisha somo la kwanza: usifanye hivi.

KondaMstaafu, saa 3:05 usiku

Mtoto wa Jericho acha mzaha, mzee ameuliza jambo la maana.

Nilikuwa konda miaka tisa, njia za Eastlands. Kushuka gari likiwa bado linatembea ni kitu nilifanya mara mia kwa siku bila kufikiri. (Najua ni makosa, msinihubirie, nimeshaacha.) Akaja kijana mgeni, nikataka kumwelekeza kama mwalimu: tanguliza mguu huu, goti likunje, kifua hivi. Alidondoka kama gunia la viazi mbele ya steji nzima. Baadaye nikamwambia tu, "Shuka kama unataka kulikimbiza gari lenyewe." Siku hiyo hiyo akaweza.

Jambo la pili. Mwenye gari alipoleta matatu nyingine, ngazi yake ilikuwa chini kidogo kuliko ile niliyozoea. Labda upana wa kiganja tu. Wiki nzima kila nikishuka lami inanigonga kabla sijawa tayari, mpaka meno yanagongana. Macho yaliona ngazi iko chini. Mguu ulikataa kuamini.

Mwalimu_Sayansi, saa 3:48 usiku

FundiBati, umenigusa, kwa sababu swali lako lina miaka mia moja na lilianza kwa nyundo kama yako.

Mwaka 1922, Moscow, daktari kijana aitwaye Nikolai Bernstein aliajiriwa katika taasisi ya kuchunguza kazi za mikono. Serikali ilitaka wafanyakazi wapige nyundo kwa namna iliyo bora. Bernstein akawafunga mafundi wenye patasi na nyundo taa ndogo begani, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono na kwenye nyundo yenyewe, akawapiga picha mfululizo. Ungetarajia fundi mzoefu apige kila pigo sawasawa kama mashine. Haikuwa hivyo. Nyundo ilifika palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kifundo kila mara vilipita njia tofauti kidogo. Kiwiko kikizidi, kifundo kinapunguza. Viungo vilikuwa vinasaidiana kimyakimya.

Maana yake ni kwamba hapakuwa na "kiwiko nakikunja kiasi hiki" ambacho fundi angeweza kumwambia mtu. Bernstein alisema mazoezi ni kurudia bila kurudia: unarudia kulitatua tatizo, si kuirudia njia moja ya kulitatua. Kwa hiyo kijana wako alikuuliza kitu ambacho hakiko. Haukuwa ujinga wako, mzee.

Na konda wetu: ngazi yako inaeleweka. Habari kutoka kwenye mguu au jicho huchelewa kufika kwenye ubongo, na amri nayo huchukua muda kurudi. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini kwa mtu anayeshuka gari linalotembea ni nyingi. Ukisubiri kuhisi lami ndipo ukaze goti, umeshaanguka. Ubongo hausubiri. Unatabiri lami itafika lini, unaukaza mguu mapema, kisha unalinganisha utabiri na kilichotokea. Ngazi mpya iliuvunja ule utabiri. Na utabiri hausahihishwi kwa kuambiwa, unasahihishwa kwa kukosea.

Jaribuni hapo mlipo: jitekenye kwapani. Hakuna kitu. Sarah-Jayne Blakemore, Daniel Wolpert na Chris Frith wa London walilichunguza hili mwaka 1998. Ubongo ukishatabiri mguso wa mkono wako mwenyewe, unaupunguza makali.

Mtoto_wa_Jericho, saa 3:55 usiku

Nimejaribu. Mke wangu ameniuliza nina nini.

Nyota_ya_Rongai, Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Mwalimu, sawa, lakini kila hadithi hizi huanzia Moscow au London. Hapa watu hawatembei? Bibi yangu alikuwa anatoka mtoni na mtungi kichwani, mikono mitupu, anaongea na kucheka, na tone halimwagiki. Hakuna aliyemfunga taa.

Mwalimu_Sayansi, saa 1:44 asubuhi

Wewe umekuja vizuri. Bibi zetu walifungwa barakoa ya kupima pumzi!

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine yenye ukanda unaozunguka, mizigo ikiongezwa, hewa wanayotumia ikipimwa. Mpaka mzigo ufike karibu asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake wale hawakutumia oksijeni zaidi ya walipotembea mikono mitupu. Mzigo wa bure! Askari wenye mabegi mgongoni hawakuipata hiyo nafuu, wao matumizi yalipanda kadiri mzigo ulivyoongezeka.

Miaka tisa baadaye, 1995, Heglund na wenzake wakaonyesha siri iko wapi. Mtu akitembea hupanda na kushuka kama pendulamu iliyogeuzwa (fimbo iliyosimama chini, uzito ukiyumba juu), na katika kila hatua kuna nguvu kidogo inapotea bure. Wanawake hawa wakibebeshwa mzigo, waliiokoa ile nguvu vizuri zaidi kuliko walipokuwa hawana kitu. Hakuna aliyewafundisha kwa maneno. Walianza wakiwa wasichana na vimtungi vidogo.

MamaWawili, saa 2:15 asubuhi

Naomba niongeze, maana wanaume mnasifia mtungi kama hamjawahi kuubeba. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtungi wa maji ni lita 20. Hiyo iliyozidi si bure, muulizeni mama yangu shingo inavyomuuma. Sayansi yenu ni nzuri lakini mfereji wa maji nyumbani ni mzuri zaidi.

Nyota_ya_Rongai, saa 2:18 asubuhi

Nimekaa chini, mama.

Fizio_Ngara, saa 7:10 mchana

Niko kwenye mapumziko ya chakula, mtanisamehe kama nitaandika ndefu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi. FundiBati, kuhusu mkono kujua kitu ambacho wewe hukijui: hilo si fumbo tena, kuna mtu mmoja aliyetufungulia mlango.

Henry Molaison, Mmarekani, alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Hartford alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kushika jambo jipya. Ukiongea naye, ukatoka nje na kurudi, mnaanza kusalimiana upya. Brenda Milner, mtafiti kutoka Montreal, akampa zoezi: fuatisha kwa kalamu mstari wa nyota, lakini mkono wako uuone kwenye kioo tu. Jaribuni, ni kazi ya kutoa machozi, mkono unakwenda kinyume na unavyotaka. Siku ya kwanza makosa mengi. Ya pili, machache. Siku ya tatu Henry aliichora karibu bila kosa, na hakuwa na kumbukumbu yoyote kwamba aliwahi kuiona ile nyota.

Yeye hakujua. Mkono ulijua. Kwa hiyo ubongo una ghala zaidi ya moja, na la kusimulia si lile la kufanya. Dunia ilimjua kwa herufi mbili tu, H.M., mpaka alipofariki mwaka 2008.

Kule kisogoni kuna kipande tunachokiita ubongo mdogo. Ukubwa wake si kitu, lakini kati ya seli za neva kama bilioni 86 za ubongo mzima, bilioni 69 ziko humo. Ndio hasa wenye kazi ya utabiri na kusahihisha aliyoitaja Mwalimu. Ukitaka kuona ukizimika, nenda ukamtazame mlevi wa chang'aa akitafuta tundu la kufuli. Nia anayo, nguvu anazo, kipimo hana.

KondaMstaafu, saa 7:16 mchana

Hilo tundu nalifahamu.

FundiBati, saa 1:30 usiku

Nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. Asanteni sana. Nina swali dogo. Nikitumia nyundo ya ratili nne asubuhi kunyoosha pembe, halafu nichukue ile nyepesi ya kukunja mdomo wa bati, mapigo matano sita ya kwanza yanaruka, nyundo inakwenda kama ina mbawa. Hata kama najua ni nyepesi. Ni jambo lile lile la ngazi ya konda?

Fizio_Ngara, saa 2:02 usiku

Ndilo lenyewe. Mwaka 1994 Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi, kule Marekani, waliwapa watu washike mkono wa roboti na kuusogeza kutoka nukta moja hadi nyingine. Roboti ilikuwa inawasukuma pembeni kadiri wanavyoongeza kasi. Mwanzo mistari yote ilipinda. Baada ya mamia ya mizunguko ikanyooka kana kwamba hakuna kinachosukuma. Kisha wakaizima ile nguvu ghafla. Mistari ikapinda tena, safari hii upande wa pili!

Upande wa pili ndio ushahidi wote. Kama mtu angekuwa amekaza tu misuli kujikinga, nguvu ikiondoka mstari ungebaki sawa. Ulipinda kwa sababu ubongo ulikuwa umeshajenga picha ya ile nguvu, na bado unaitegemea. Mkono wako una picha ya nyundo nzito. Mapigo matano ni ya kuibadilisha.

Mtoto_wa_Jericho, saa 2:20 usiku

Daktari, na ile ya watoto wangu wawili? Mmoja anamsukuma mwenzake, mwenzake anarudisha, dakika mbili baadaye ni vita, na kila mmoja anaapa yeye alirudisha kwa kiasi kile kile.

Mwalimu_Sayansi, saa 2:31 usiku

Hawadanganyi! London mwaka 2003, Shergill na wenzake waliwapa watu wabonyezane vidole kwa zamu, kila mmoja akiambiwa arudishe nguvu ile ile aliyoipokea. Zamu baada ya zamu nguvu zikapanda. Ni kule kujitekenya tena: nguvu unayoitoa mwenyewe ubongo unaipunguza, kwa hiyo unaiona ndogo kuliko ilivyo. Unaongeza kidogo "ili iwe sawa".

Mtoto_wa_Jericho, saa 2:33 usiku

Nitawaambia ni sayansi, halafu wote wawili wataosha vyombo.

MamaWawili, saa 4:05 usiku

Samahani kwa kubadili hewa. Fizio, baba yangu alipata kiharusi mwezi wa tisa, mkono wa kulia. Hospitalini walisema mkono "utarudi wenyewe". Haujarudi. Anaweza kuinua kiganja kidogo na vidole vinafunguka nusu, lakini hautumii kabisa, kila kitu kushoto. Sisi tunamlisha, tunamfunga vifungo. Tumekosea wapi?

Fizio_Ngara, saa 4:40 usiku

Pole sana dada, na pole kwa mzee. Hamjakosea kwa nia, lakini nitasema ukweli, maana naona jambo hili kila wiki: huruma ya nyumbani inauua mkono polepole.

Kuna mtafiti aitwaye Edward Taub. Aliona kwamba nyani aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja anaacha kuutumia, japo misuli bado inapokea amri. Nyani huyo alijaribu mara chache mwanzoni, akashindwa, akajifunza kwamba mkono huo haufai. Lakini ukifungwa ule mzima, ule "uliokufa" unaanza kufanya kazi. Kwa hiyo sehemu ya ulemavu ilikuwa imejifunzwa. Kutokana na hapo yakaja matibabu: mkono mzima unavalishwa glavu nene sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili, na ule mgonjwa unapewa kazi halisi kwa saa nyingi. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ulionyesha waliofanya hivyo walikuwa mbele ya wenzao hata baada ya mwaka mmoja.

Sharti lake ni hilo ulilotaja bila kujua: lazima mgonjwa aweze walau kidogo kuinua kiganja na kufungua vidole. Asiyeweza kabisa, glavu ni kumtesa. Na usianze mwenyewe nyumbani, mzee akipoteza mizani na mkono mzima umefungwa ataanguka. Mpeleke kwa mtu wa mazoezi ya viungo amkague, umwambie hayo ya kiganja na vidole kama ulivyoniandikia.

MamaWawili, saa 4:58 usiku

Nitampeleka. Lakini ni rahisi kuandika hapa, daktari. Akimwaga uji kifuani analia. Mzee wangu sijawahi kumwona akilia maishani. Unataka nikae nitazame?

Fizio_Ngara, saa 5:10 usiku

Sitaki utazame akilia. Usianze na uji. Anza na kitu ambacho akikiangusha hakuna aibu. Alikuwa anafanya kazi gani?

MamaWawili, saa 5:12 usiku

Dereva wa lori. Na anapenda kucheza bao.

Fizio_Ngara, saa 5:13 usiku

Bao! Kete. Mkono wa kulia, wewe kaa upande wa pili na usimwachie ashinde.

KondaMstaafu, Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Nimelala nikiwaza. Kama mtu anayefikiria kila pigo anajipiga, kuna mtu anayeweza kuishi akifikiria kila kitu?

Mwalimu_Sayansi, saa 1:25 asubuhi

Yupo. Ian Waterman, Mwingereza, alikuwa na miaka 19 mwaka 1971 alipougua. Ugonjwa ule ulimharibu neva za hisia kutoka shingoni kwenda chini. Misuli mizima, lakini hajui mkono wake uko wapi asipouona. Madaktari walidhani hatatembea tena. Alijifunza upya kukaa, kusimama na kutembea, kwa macho na kwa kufikiri kila kiungo. Taa ikizimika ghafla, anaporomoka.

FundiBati, pigo lako la tatu la Jumatatu ndiyo maisha yake yote.

Na nadhani jibu la kijana wako, konda ameshalitoa tangu mwanzo. Gabriele Wulf, mtafiti Mjerumani, alichapisha na wenzake mwaka 1998 jaribio la watu wanaojifunza mashine ya kuigiza kuteleza kwenye theluji. Kundi moja liliambiwa lielekeze mawazo kwenye miguu, lingine kwenye magurudumu yaliyo chini ya miguu. Umbali ni wa vidole vichache tu! Waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. "Likimbize gari" inafanya kazi, "kunja goti" haifanyi.

FundiBati, Jumamosi, saa 1:15 usiku

Nimerudi na ripoti.

Jumatano nilimwambia kijana, sahau maswali yote uliyoniuliza. Nikachora mstari kwenye bati kwa ncha ya msumari, nikamwambia mkono si wako, ni wangu, wewe kazi yako ni kuufanya ule mstari ulale. Nikampa nyundo moja tu, nisimbadilishie. Na mabati chakavu ya kuharibu, maana Mwalimu alisema kukosea ndiko kunakofundisha, na bati jipya ni ghali.

Siku hiyo kona zake zilikuwa kama meno ya mzee. Alhamisi vivyo hivyo. Jana nilikuwa nimempa mgongo nahesabu bawaba, nikasikia mlio umebadilika. Mafundi mnajua, pigo zuri lina sauti yake, ko-ko-ko, si ile ya tang, ti, tong. Nikageuka polepole. Alikuwa anaongea na dada wa chai, hata mstari haangalii sana.

Nilitaka kumsifu, nikaogopa ataanza kuufikiria mkono. Nikarudi kwenye bawaba zangu.

Mtoto_wa_Jericho, saa 1:22 usiku

Na kidole gumba chako?

FundiBati, saa 1:25 usiku

Kucha imekuwa nyeusi. Itatoka.

MamaWawili, saa 3:40 usiku

Amekaguliwa Ijumaa, glavu wanaanza wiki ijayo, wamesema anafaa. Bao tumecheza siku tatu. Kete anaziangusha nyingi kuliko anazopanda na anasema bao la nyumba yetu limeinama. FundiBati, mdogo wangu anaenda bweni mwezi wa kwanza, sanduku la ukubwa wa kawaida ni pesa ngapi?

FundiBati, saa 3:52 usiku

Njoo tupatane, mama. Lakini la kwako natengeneza mimi, kijana bado.